Sarafu za Bwana Tai

3 Februari

Mwanangu Mdadisi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku tu wazima, isipokuwa baba yako na nyonga yake. Daktari amemkataza kupanda ngazi, na tangu akatazwe hakuna anachokipenda duniani kama ngazi. Juzi nilimkuta juu ya paa la ghala anapigilia bati ambalo wala halikuwa limelegea. Nilimwambia ashuke, akanijibu kwamba mimi ni mdogo wake na sina amri juu yake. Kwa hiyo jua kwamba hajambo. Mume wako je? Mwambie injinia wetu kwamba ile feni aliyoitengeneza mlipokuja bado inazunguka, ingawa inakoroma kama mlinzi. Nipe habari zake.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Hapa karakanani simu ina masikio mengi. Nikianza kuzungumza na mtu, mashine zote hunyamaza ili zipate kusikiliza. Na zile jumbe za simu sizipendi, maneno yenyewe madogo kama sisimizi. Barua ni barua.

Sasa neno lililonikalisha chini. Unamkumbuka yule bwana anayetuletea ngozi na soli, anayevaa tai hata siku za jua kali? Mafundi wanamwita Bwana Tai. Mimi huwaambia ni tai ya shingoni, si tai wa angani, lakini sasa nimefika mahali ambapo lazima niwe na hakika. Anataka tuwe washirika. Mwaka jana tulikataa kazi ya viatu vya shule kadhaa kwa sababu soli tunazishona kwa mkono. Ipo mashine inayofanya kazi hiyo, na muuzaji yuko tayari kutuletea kama nitaweka hati ya karakana iwe dhamana. Mashine ikifika, Bwana Tai atalipa nusu ya bei, na iliyobaki tutalipa kidogo kidogo kutokana na kazi. Asipolipa hiyo nusu, muuzaji ana haki ya kuchukua jengo.

Fedha za Bwana Tai haziko benki. Ziko kwenye hizi sarafu za mtandaoni. Alinionyesha picha kwenye simu yake, tarakimu zimepangana kama msafara, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Najua wewe kazi yako ni kuzifuatilia sarafu hizo kwa niaba ya watu wa bima. Basi niambie: mtu akisema ana mali ya namna hii, unajuaje kwamba anayo?

Usimwambie baba yako. Atarudi juu ya paa.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilizunguka sana kabla ya kunifikia. Kuanzia sasa tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha hii. Nimehamia chumba kilicho karibu na kazini. Kina dirisha moja linalotazama ukuta, na juu yangu anakaa mtu ambaye kila jioni husogeza samani, akizitoa huku na kuzirudisha kule, kama aliyepoteza kitu na hakumbuki ni nini. Nami hujikuta nimesimama, natembea chini yake kutoka mlangoni hadi dirishani. Lakini mimi ni mzima, na kazi ipo. Mwambie baba namsalimu, na nyonga si bati, haipigiliwi misumari.

Nimefurahi umeuliza kabla ya kutia sahihi. Wengi huniletea maswali haya wakishalia.

Kwanza, picha ya kwenye simu haithibitishi chochote. Hata mimi naweza kukutengenezea picha inayoonyesha kwamba namiliki bahari. Sarafu hizi zinakaa katika kumbukumbu ya wazi, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuisoma. Kila pochi ina anwani yake, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Mwombe akuandikie anwani hiyo, uniletee. Nitafungua na kuona kilichomo bila kumgusa wala kumwomba ruhusa.

Lakini hilo ni nusu ya kazi. Kuona si kumiliki. Mimi naweza kukusimamisha mbele ya ghorofa lolote mjini nikakuambia ni langu, na ghorofa kweli utaliona. Mwenyewe ni yule mwenye ufunguo. Kwa hiyo nimekuwekea karatasi yenye mraba wa madoa meusi. Huo ni mlango wa pochi niliyoifungua kwa ajili hii tu. Bwana Tai auelekezee simu yake, kisha atume kutoka kwenye pochi ileile anayojivunia kiasi nilichokiandika chini. Ni kidogo, hakinunui hata sabuni, ila tarakimu zake nimezichagua mimi ili nisiweze kuzikosea. Kikitoka huko kikaingia kwangu, tutajua kwamba ufunguo anao. Nitamrudishia.

Kama ni mtu wa kweli atacheka na kutuma.

Shangazi, herufi zako zimekuwa kubwa. Barua ya kurasa mbili imekula kurasa tano. Kalamu ni mpya?

Mwanao


12 Machi

Mwanangu Mdadisi,

Kalamu ni nene. Baba yako anakusalimu. Nimemsomea ule mstari wa misumari, amecheka mpaka nyonga ikamkumbusha. Mvua zimeanza, na ngozi hazikauki. Karakana nzima inanuka gundi kwa kuwa tumefunga madirisha. Mume wako anaendeleaje na ile kazi ya madaraja? Mbona hukumtaja, au amesafiri?

Nilimwita Bwana Tai ofisini, ile ofisi yangu unayoijua, kiti kimoja na maboksi ya lebo. Nikamwomba anwani ya pochi. Aliitoa bila taabu. Aliiandika kwenye karatasi kwa mkono wa shuleni, akairudia kuihakikisha, akanipa. Nimeibandika hapa chini.

Nikampa karatasi yako yenye madoa. Hapo uso ukabadilika. Akauliza ni nani aliyenishauri. Nikamwambia ni mtoto wa kaka yangu. Akasema ametuletea ngozi miaka mingi, hakuwahi kutupa ngozi yenye tundu, na leo anapimwa kama mwizi wa kuku. Nikamwambia mtu hapimwi kwa kuwa ni mwizi, hupimwa kwa kuwa kiatu lazima kimtoshe. Hakucheka. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema atafanya. Tangu siku hiyo hajaniambia kitu. Analeta ngozi, anasalimia, anaondoka.

Na muuzaji wa mashine ananikaba. Anasema kuna mtu mwingine anaitaka. Nimekuwa nikishindwa kukaa. Nazunguka kati ya meza za mafundi, nagusa viatu ambavyo havina kasoro, mpaka Fundi Kimya, ambaye huongea mara moja kwa mwaka, akaniambia, mama, kaa, unatupotezea mishono.

Kwa kweli mwanangu, sina muda mrefu wa kulifikiria jambo hili. Usiniulize kwa nini. Angalia hiyo anwani upesi.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mvua zimewapa nafasi.

Nimeiangalia anwani. Sarafu zipo, na si haba. Zinatosha hiyo nusu, na zaidi. Ziliingia miaka mingi iliyopita, kidogo kidogo, na tangu hapo hazijaguswa. Pochi haijawahi kutoa kitu hata mara moja. Ni kama sanduku lililofungwa likawekwa chini ya kitanda.

Nakuomba usiruhusu hilo likutulize. Bado hatujui ni kitanda cha nani. Wapo watu wanaochagua pochi kubwa ya mtu asiyemjua, wakaitembeza mjini kama yao, kwa sababu wanajua kila mtu anaweza kuiona na hakuna atakayeuliza ufunguo. Mpaka kile kiasi changu cha sabuni kiingie, huyu bwana ametuonyesha ghorofa tu. Usitie sahihi. Hata muuzaji akija na lori mlangoni, usitie.

Najua nasema kwa ukali. Siku hizi nimekuwa hivyo, hata kazini wananiambia. Nikisoma taarifa ya mtu naisoma mara tatu. Mtu anaweza kuondoka nyumbani kila asubuhi, viatu vinang'aa, mkoba mkononi, na wewe ukaona kila kitu kiko mahali pake. Lakini nimetoka nje ya mada.

Mwambie baba namwandikia wiki hii.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Nimepokea. Hujamwandikia baba yako.

Bwana Tai ametuma. Alikuja jana, hata kiti hakukikalia, akasema: "Mwambie mtoto wa kaka yako aangalie." Akaondoka. Kabla ya hapo alikuwa hayupo mjini, mafundi wanasema alisafiri, yeye hakusema alikwenda wapi. Lakini ametuma, na hilo ndilo ulilolitaka.

Basi angalia, uniambie ndiyo. Sitaki tena mafundisho. Muuzaji amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na amenipa kwa kuwa nilimwomba kama mtoto. Mimi nimeiongoza karakana hii tangu mume wangu alipozikwa. Nilinunua ngozi kwa kuigusa tu, nikajua mnyama aliishi vizuri au vibaya. Sikuhitaji mtu wa kuniambia nani mwongo. Sasa wewe umekaa huko mbali unanifundisha kumwogopa mtu ninayemwona kila wiki, na wewe mwenyewe nakuuliza swali moja kila barua, hulijibu.

Mafundi kumi na wawili wananitazama usoni kila asubuhi wajue kama wataendelea. Maji nimeshayavulia nguo.

Shangazi yako


21 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Baba nimemwandikia, barua yake imo humu ndani, mpe.

Imeingia. Kiasi kilekile, tarakimu zilezile, kutoka kwenye pochi ileile. Bwana Tai si tapeli wa picha. Nilitaka kukuandikia neno moja tu, ndiyo, nikafunga bahasha. Niliifunga kweli. Kisha nikaifungua tena.

Pochi za aina hii huficha masharti yake mpaka siku ya kwanza zinapotoa kitu. Siku hiyo ndipo kila mtu anaweza kuona zinavyofunguliwa. Sasa imetoa, nami nimeona. Shangazi, sanduku hili lina kufuli mbili, na kila kufuli ina ufunguo wake. Ufunguo mmoja peke yake haufungui. Ile sabuni yangu imetiwa sahihi na funguo mbili, ndipo ikatoka.

Inawezekana zote mbili anazo yeye. Wapo wanaofanya hivyo kwa usalama, mmoja ofisini na mwingine nyumbani. Lakini mtu wa namna hiyo angetuma siku ileile uliyompa karatasi. Huyu alikaa kimya, akasafiri, kisha akatuma. Nafikiri alikwenda kwa mwenye ufunguo wa pili. Na kwako hajawahi kumtaja mtu wa pili.

Sikuambii ni mwizi. Nakuambia kwamba fedha ni za kweli, na kwamba huenda si zake peke yake. Ukiweka hati, halafu siku ya malipo mwenye ufunguo wa pili akasema hapana, hakuna mahakama itakayolifungua sanduku lile. Muulize. Usimuulize kwa simu. Mtazame usoni.

Mwanao


10 Mei

Mwanangu Mdadisi,

Baba yako ameisoma barua yako peke yake, amefunga mlango, kisha akatoka akaniuliza nini kinaendelea kwako. Nikamwambia sijui. Huo ndio ukweli. Tutarudi hapo.

Nilimsubiri Bwana Tai kwenye stoo ya ngozi, mahali ambapo mafundi hawaingii bila kuitwa. Alikuja na mzigo begani. Nilingoja autue. Nikamuuliza: "Ufunguo wa pili anao nani?"

Alishika tai yake kama mtu anayekabwa. Nikadhani ataondoka. Akakaa juu ya mabunda ya ngozi, na mtu yule akazeeka mbele yangu. Akasema sarafu zile walizinunua yeye na kaka yake, zamani, zilipokuwa hazina thamani na watu wakiwacheka. Kaka yake ndiye aliyesema waweke funguo mbili, ili hata mmoja akishikwa na tamaa asiweze peke yake. Kisha kaka akafariki. Ufunguo wake ukabaki kwa mke wake, mkunga katika kituo cha afya cha mji wa pili, na watoto wake watatu. Nusu ni yao.

Nikamuuliza mkunga anajua habari ya mashine? Akasema alimwendea na kumwambia wajaribu tu kama funguo bado zinafanya kazi, mama wa watu akatia sahihi yake. Akaendelea kueleza kwamba nia yake ilikuwa njema, kwamba karakana ingezaa, watoto wa kaka yake wangepata zaidi, na kwamba yeye ndiye mwanamume aliyebaki katika ukoo.

"Ningemwambia baadaye," akasema.

"Baada ya nini?"

Na mimi mwanangu, nikasimama pale nikimtazama, na sikuwa na hasira niliyoitarajia. Nilimkumbuka mume wangu alipofariki, jinsi shemeji zangu walivyokaa sebuleni wakigawana mashine za viatu kwa majina, mimi nikiwamiminia chai. Wala hao hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na nia njema.

Kesho yake nilisafiri bila kumwambia mtu. Nilimkuta mkunga kituoni, korido nzima imejaa wajawazito, yeye anatoka chumba hiki anaingia kile. Nilimngoja kwenye benchi karibu na kamba za kuanikia mashuka. Alipopata nafasi akaja akijifuta mikono, mwanamke mwembamba, ana sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Nilimwambia mimi ni nani, nikamweleza yote, hata sehemu ambazo hazinipambi, kwamba nusura nitie sahihi juu ya mali ya watoto wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua. Hakujua ni nini, lakini alijua. "Mtu hajaribu mlango asiokusudia kuupitia," akasema. Alitia sahihi kile kiasi kidogo ili aone shemeji yake atarudi kumwambia nini. Hakurudi. Nikamuuliza kama anamchukia. Akasema hapana, ni mtu aliyemsaidia kumzika mume wake, na kila muhula analeta viatu vya watoto, ila katika miaka yote hiyo hajawahi kumuuliza jambo lolote likaishia na alama ya kuuliza. "Angeniomba, ningefikiria," akasema.

Kisha akanishika kidevu, mwanangu, mimi mtu mzima, akanigeuza kwenye mwanga. Akasema, mama, tangu umekaa hapa unanitazama kwa pembeni. Akatoa tochi ndogo mfukoni. Akasema macho si kazi yake, lakini hili hata yeye analiona.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limefika mbali. Daktari aliniambia tangu mwaka jana. Ndiyo sababu niliikimbilia mashine, ili nikishindwa kuona mshono pawe na mtu mwingine mwenye kauli. Ndiyo sababu sikutaka simu. Kalamu si nene.

Sasa zamu yako. Tangu Februari nakuulizia mume wako, unanijibu habari za jirani anayesogeza samani.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimeanza kukujibu mara nyingi.

Nimemwacha. Sijui kama nimemwacha kabisa au nimeondoka tu, lakini tangu Januari siko naye. Ile kazi ya madaraja ilikwisha mwaka juzi, Shangazi. Hakuniambia. Kila asubuhi alivaa, akapiga kiwi viatu, akabeba mkoba, akanibusu, akatoka. Jioni alirudi na hadithi za nguzo na saruji. Alikuwa akikaa maktaba. Niliambiwa na mwenzangu wa kazini, aliyemwona pale mara nyingi akadhani najua.

Kazi yangu ni kujua kama alichosema mtu kipo. Watu wananilipa kwa hilo. Na nyumbani kwangu sikuwahi kuuliza swali moja. Kinyozi hajinyoi. Ndicho kilichonifunga mdomo, si yeye. Ningewaambiaje?

Ananiandikia. Barua nzuri, sasa za kweli, au naona ni za kweli. Anasema aliogopa kuniona nikimtazama vingine. Sijamjibu. Nikimkumbuka Bwana Tai wako juu ya mabunda ya ngozi, namwona yeye.

Kuhusu macho, sina la kukulaumu, maana tumekuwa tukifichana kila mtu kwa upande wake wa bahasha. Ila upasuaji wa mtoto wa jicho siku hizi ni kazi ndogo, na usiuahirishe kwa ajili ya mashine yoyote. Nitaangalia kazini kama wataniruhusu likizo. Sijui. Sioni vizuri jinsi ya kuingia nyumbani nikiwa hivi, watu wakiniuliza injinia yuko wapi. Nitaangalia.

Mwambie mkunga asimpe mtu ufunguo wake, hata kwa dakika moja, hata akiambiwa ni jaribio. Na jambo lolote mtakalokubaliana, liandikwe, na liwe na jina lake.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu Mdadisi,

Mwandiko huu si wangu. Mimi nasema, mkunga anaandika. Amechukua likizo yake ya mwaka, amekuja na watoto wake, na nyumba imejaa kelele. Baba yako amepata wa kumshikia ngazi, kwa hiyo sasa hashuki kabisa.

Jicho la kulia limefanyiwa kazi Jumatatu. Limefungwa kitambaa, la kushoto wamesema lingoje. Nimekatazwa kuinama, kuinua kitu na kusoma. Nakaa karakanani nikisikiliza mashine, na nagundua kwamba Fundi Kimya huimba.

Utataka kujua yaliyotokea. Bwana Tai alikwenda kwa mkunga mwenyewe, bila kutumwa na mtu, na bila tai. Mkunga anasema alikaa kwenye kiti cha mlangoni muda mrefu akizungumzia mvua, kisha akamwambia: "Shemeji, naomba tufanye biashara. Unakubali?" Mkunga akamwambia kwanza aone kiatu. Basi mkunga akaja mwenyewe. Alipita meza moja baada ya nyingine, akawauliza mafundi maswali ambayo mimi ningeyaona ya kitoto, kiatu kinaishi muda gani, kinakufa kwa ugonjwa gani. Alikaa siku tatu. Siku ya nne akasema anatia sehemu yake pamoja na ya shemeji yake, kwa sharti kwamba mashine ilipwe yote kwa mara moja na hati ya karakana isiwekwe mikononi mwa mtu. Muuzaji amepunguza bei kwa furaha. Wakili ameandika majina matatu. Sarafu ziliuzwa kwa wakala mwenye leseni, funguo zote mbili mezani, kila mtu akitia wake, na mimi nimekaa katikati sioni kitu.

Bwana Tai amebaki na kazi ya ngozi na ya kutafuta wateja. Mafundi wana shida moja tu, hawajui sasa wamwite nani. Kwa mkunga bado ana haya. Mkunga akiingia, yeye anasimama. Nadhani itamchukua muda, na mkunga hana haraka ya kumkalisha.

Kuhusu mume wako, sikuambii urudi wala usirudi. Nakuambia tu, usimjibu ukiwa unatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kaa kwanza.

Na kuhusu likizo, kama kazini hawakuruhusu, basi usijisumbue. Mimi sijambo. Jicho haliniumi, nalala vizuri, nakula, na hapa watu ni wengi. Tutaonana mwakani.

Shangazi yako

Mimi mkunga, niliyemsomea barua yako, nimeandika yote kama alivyosema, naye sasa ameegemea ukuta anangoja nifunge bahasha. Hawezi kusoma haya. Jicho linamuuma, halali, na jana alimwita mtoto wangu wa kike kwa jina lako mara mbili. Njoo. Atakayekuuliza injinia yuko wapi, mlete kwangu.